Shajara ya Zamu: dirisha la kuipangia kompyuta kazi zake

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeanza. Programu itaitwa Zamu. Jina nimelipata kabla sijaandika hata mstari mmoja, na kwa uzoefu wangu hiyo ni dalili mbaya, lakini twende.

Chanzo ni simu ya juzi Jumamosi. Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta za chama chetu cha akiba na mikopo hapa Tanga, kazi ya jioni na siku za mapumziko. Mashine inayonihusu ni moja, ya mezani, ina Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux) na RAM ya GB 4, imekaa kwenye kona ya ofisi ya mhasibu chini ya kalenda. Kila siku saa mbili usiku inanakili hifadhidata ya wanachama kwenye diski ya nje. Mara moja kwa wiki, saa nane usiku, inafungasha nyaraka zote za ofisi. Kazi hizo mbili ziko kwenye crontab, orodha ya cron, ile programu ya mfumo inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa; mistari yake niliiandika kwa mkono. Ya tatu, taarifa za akaunti za mwisho wa mwezi, naiendesha mwenyewe, maana cron haina neno la "mwisho wa mwezi".

Jumamosi nilikuwa harusini Pangani. Mhasibu akapiga: kikao kinaweza kuchelewa, anataka nakala ya usiku ifanyike saa tatu badala ya saa mbili. "Niambie tu cha kuandika, mwanangu, nitaandika." Huku ngoma inalia, nikamwelekeza: fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika crontab, ruka nafasi, weka kistari, halafu e. Kimya kidogo. "Nimeandika. Haijasema kitu."

Moyo ukanidunda. Ile e hufungua orodha uirekebishe, lakini kwenye kibodi E na R zimekaa bega kwa bega, na `crontab -r` inafuta orodha nzima bila kuuliza wala kuaga. Usiku ule niliirudisha kutoka kwenye logi ya mfumo, daftari la matukio yake, kwa sababu cron huandika kila amri inayoiendesha. Lakini nimeapa: mama yule hataambiwa tena afungue terminali.

Jumatano, 10 Septemba

Leo ni kusoma na kuandika tu, hakuna dirisha. `crontab -l` inatoa orodha, `crontab -` inapokea orodha mpya. Rahisi, mpaka ukutane na mtumiaji asiye na orodha yoyote: amri inarudisha kosa badala ya karatasi tupu, na programu yangu ikaanguka kifudifudi. Nimeifundisha kwamba "hakuna" nalo ni jibu.

Kanuni nilizojiwekea: kabla ya kuandika chochote, nakala ya orodha ya zamani inawekwa kwenye folda yenye tarehe. Mstari ambao Zamu haikuuandika haiugusi. Ya kwake inaitambua kwa alama ya `# zamu` juu ya kila mstari. Na faili lazima liishie kwa mstari mpya, la sivyo cron inalalamika.

Mfumo wenyewe ni mkongwe. Cron ilikuwemo tayari kwenye mfumo wa Unix Toleo la 7, mwaka 1979, na ile iliyozaa ya Debian iliandikwa na Paul Vixie mwaka 1987. Nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki, kisha amri. Ufupi wake naupenda. Ila umetungwa na watu waliojiandikia wenyewe.

Ijumaa, 12 Septemba

Dirisha la kwanza limesimama. Nimetumia lugha ya Python na Tkinter, zana yake ya kuchorea madirisha, kwa sababu ni nyepesi na mashine ile haibebi kitu kizito. Vijisanduku vitano vya kuchagulia, kimoja kwa kila nafasi ya cron, jina la kazi juu, kitufe cha Hifadhi chini. Nililiona zuri sana. Jioni nikapita ofisini kumwonyesha mhasibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo hiyo? Haya, niachie."

Akachagua kazi ya nakala, akashuka kwenye orodha ya saa, akachagua 2, akahifadhi. Hakuuliza kitu. Nikaenda nyumbani nikijipongeza.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefika ofisini, mlinzi kanidaka getini. Mzee huyu halali, na haachi kitu kipite. "Kijana wangu, ile taa ya kile kidude chako ilikuwa inapepesa wakati wa adhana ya alfajiri. Usiku mzima ilikuwa kimya."

Alfajiri? Mhasibu alitaka saa mbili usiku. Nikakaa chini na kalamu.

Kosa la kwanza ni langu na ni la aibu. Orodha yangu ya saa ilianza 0 ikaishia 23. Mtu aliyezoea saa ya Kiswahili maisha yake yote akitaka saa mbili anachagua 2. Kwa cron hiyo 2 ni saa nane usiku. Lakini taa ilipepesa saa kumi na moja alfajiri, sio saa nane. Kwa nini? Kwa sababu mashine ilisimikwa ikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu. Ile saa ya pembeni mwa skrini imekuwa ikidanganya tangu siku ya kwanza na hakuna aliyejali, kila mtu anatazama simu yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiandika 17 kwenye crontab ili nipate saa mbili usiku, na nilishasahau kwamba nafanya hivyo.

La UTC limekwisha kwa `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha kuiwasha cron upya, maana isipowashwa upya inaendelea kushika saa ya zamani.

La kwanza ndilo lililonikalisha hadi usiku. Nimevifuta vijisanduku vyote vitano. Sasa kuna namba 1 hadi 12 na chaguo moja: mchana au usiku. Hesabu yake ni fupi kuliko nilivyotarajia. Ikiwa mchana, ongeza 6. Ikiwa usiku, ongeza 18, na ikipita 23 toa 24. Saa mbili usiku: 2 na 18 ni 20. Saa nane usiku: 26, toa 24, baki 2. Saa kumi na mbili ya upande wa mchana inatoka 18, ndiyo jioni yetu. Ya upande wa usiku inatoka 6, kunakucha. Nimejaribu zote 24 na hakuna iliyopotea wala kujirudia.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku za wiki. Nilidhani ni nusu saa ya kazi.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Sisi tunahesabu juma kuanzia Jumamosi, ndiyo mosi. Cron inahesabu kuanzia Jumapili, ndiyo sifuri. Kwa hiyo toa mbili tu kwenye jina: Jumatatu 1, Jumanne 2, Jumatano 3. Jumapili inatoka sifuri barabara. Jumamosi inatoka hasi moja, ongeza saba, 6, sawasawa. Ya Alhamisi haitokani na hesabu hiyo, maana ina tano ya Kiarabu tumboni, imekaa jirani na Jumatano yenye tano ya kwetu. Hiyo nimeiandikia 4 kwa mkono, na Ijumaa 5.

Kisha nikaweka ile kazi ya kufungasha nyaraka: Jumatano, saa nane usiku. Nikasimama. Jumatano ipi?

Nikamuuliza mhasibu. Akashangaa swali lenyewe: Jumatano tukishafunga ofisi, usiku wake. Nikamuuliza mlinzi. Akasema zamu yake ya Jumatano inaanza Jumatano jioni, na mpaka anakabidhi funguo asubuhi hajatoka kwenye Jumatano. Karani, kijana wa miaka ishirini na kitu, akatazama simu yake akasema saa nane usiku ya Jumatano ilishapita kabla ya wewe kuamka Jumatano. Mlinzi akamgeukia: "Na usiku wa Ijumaa kwenu unaanza lini?" Karani akajibu, "Alhamisi baada ya magharibi," kisha akacheka mwenyewe, maana alishajikanganya.

Watu watatu, majibu mawili, na kila mmoja ana haki. Kompyuta inabadilisha siku saa sita usiku. Mdomo wa mswahili unaweza kuibadilisha magharibi, au asubuhi, kutegemea anazungumza na nani.

Nimeamua Zamu isikisie kimyakimya. Saa za kuanzia sita usiku hadi kumi na moja alfajiri, ukichagua Jumatano, inafuata kauli ya mhasibu na mlinzi: inasogeza siku moja mbele, inaandika `0 2 * * 4`, yaani Alhamisi. Lakini chini ya vitufe inatokea sentensi kwa herufi kubwa: "Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, saa 8:00." Neno "kuamkia" limefanya kazi ambayo mimi nisingeifanya kwa kalenda tatu. Karani ameisoma akasema haina utata. Mhasibu ameisoma akasema, "Si ndivyo nilivyokwambia?"

Kwa kazi za tarehe, tarehe 30 kuamkia tarehe 1 au 31, nimezuia kabisa saa hizo. Cron haina namna ya kuisema na mimi sina moyo wa kuitafuta.

Jumamosi, 20 Septemba

Mwisho wa mwezi. Ujanja unaojulikana ni kuiambia cron iamke tarehe 28 hadi 31, kisha amri yenyewe iulize kama kesho ni tarehe 1. Kwenye terminali inafanya kazi vizuri. Kwa majaribio nikaipangia leo mchana, na nikalibadilisha swali ili jibu liwe ndiyo. Muda ukafika, kimya. Ukapita, kimya. Hakuna kosa, hakuna ujumbe, hakuna faili.

Saa mbili nzima. Mkosaji ni alama ya asilimia. Ndani ya crontab, `%` inageuzwa kuwa mstari mpya, kwa hiyo `date +%d` inakatwa shingo pale pale kwenye asilimia. Ukitaka ipite lazima uitangulize mkwaju wa kinyume, `\`. Imeandikwa wazi kwenye mwongozo wake, ambao nimeusoma mara nyingi kwa macho yasiyoona.

Na kwa nini hakukuwa na kosa? Kwa sababu cron hutuma malalamiko yake kwa barua ya ndani ya mashine, na mashine ile haina programu ya barua. Logi inasema wazi kwamba imeyatupa. Sasa kila kazi ya Zamu inapitia skripti ndogo inayohifadhi maneno yote na namba ya kumalizia. Sifuri ni duara la kijani kwenye orodha, nyingine yoyote ni jekundu, ukilibofya unasoma kilichotokea.

Kitufe cha "Endesha sasa" nacho kimenitia aibu. Dirisha liliganda kazi ikiendelea, mhasibu akadhani hakubonyeza vizuri, akabonyeza tena na tena. Nimekuta nakala sita za hifadhidata zikigombea diski moja. Kazi nimeihamishia kwenye uzi wake wa pembeni, na kitufe kinafifia mpaka imalizike.

Jumapili, 21 Septemba

Habari mpya kutoka kwa mwenyekiti: kuokoa yuniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, mlinzi azime swichi kubwa kila siku saa nne usiku, abakize taa ya getini. Haikujadiliwa na mtu wa kompyuta, na siwezi kulaumu, yuniti zinaisha kweli.

Maana yake ile kazi ya saa nane usiku haitaendeshwa kamwe. Cron haina kumbukumbu: saa ikipita mashine imezimwa, imepita. Kuna anacron, ambayo hukumbuka, lakini inahesabu kwa siku, haijui saa. Nimekaa na chai nikatazama mistari yangu ya wiki mbili.

Kwenye mashine hiyo hiyo kuna systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, na systemd ina taima zake. Ukiandika `Persistent=true`, kazi iliyopitwa inaendeshwa mashine ikiwaka tena. Nilikuwa najua. Niliikwepa kwa sababu kila kazi inataka mafaili mawili badala ya mstari mmoja, na mimi ni mvivu.

Jumatano, 24 Septemba

Siku tatu za kuhama. Upande wa dirisha haujabadilika hata kidogo, na hapo nimefurahi: ile hesabu ya saa na siku ilikuwa imekaa peke yake, kwa hiyo chini yake nimebadilisha tu kinachoandikwa.

Malipo yamekuja haraka. Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi ni `Thu *-*-* 02:00:00`. Mwisho wa mwezi ni `*-*~01 18:00:00`, alama ya wimbi ikimaanisha hesabu kutoka nyuma. Ujanja wangu wote wa Jumamosi umeingia jalalani. Kikao cha Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, ni `Sat *-*-01..07 14:00:00`, na hapa systemd inataka masharti yote mawili yatimie. Cron ukiipa tarehe 1 hadi 7 pamoja na Jumamosi inaendesha tarehe zote saba, kisha na Jumamosi zote. Nisingependa kumweleza mhasibu hilo.

Tena `systemd-analyze calendar --iterations=3` inakutajia mara tatu zijazo. Nimezitafsiri kwa saa yetu na kuziweka chini ya ile sentensi.

Alama ya asilimia bado inanifuata. Huku haitaki mkwaju, inataka iandikwe mara mbili.

Alhamisi, 25 Septemba

Nakala ya jana saa mbili usiku haikufanyika. Mhasibu alitoka kwenye akaunti yake saa kumi na moja jioni, na taima za mtumiaji hulala mtumiaji akitoka. `loginctl enable-linger`, inayoziacha macho hata akitoka, mara moja, basi.

Ijumaa, 26 Septemba

Nyaraka za usiku wa Jumatano zilifungashwa jana asubuhi, mashine ilipowashwa. Ushindi. Lakini ilikuwa saa mbili asubuhi, wanachama wako dirishani, na mfumo ukawa mzito kama umebeba nazi. Nimeongeza ucheleweshaji wa bahati nasibu, hadi dakika ishirini, kwa `RandomizedDelaySec`, ili mashine ipumue kwanza.

Jumanne, 30 Septemba

Mwisho wa mwezi wa kwanza. Mhasibu amebaki ofisini makusudi, mkoba begani, kuona taarifa zikitoka saa kumi na mbili jioni bila mtu kuzigusa. Mimi nimesimama nyuma ya kiti chake. Saa kumi na mbili ikafika. Hakuna kitu. Na dakika tano. Hakuna kitu. Akageuka.

"Mbona kimya?"

Ndipo nikakumbuka ucheleweshaji wangu wa Ijumaa. Kazi ilianza saa kumi na mbili na dakika kumi na tatu. Taarifa zote zikatoka, kijani, safi. Hakuzitazama kwanza.

"Mwanangu, hapa umeandika saa kumi na mbili. Mimi nikimwambia mwanachama saa kumi na mbili, ananikuta dirishani saa kumi na mbili."

Nilianza kumweleza kuhusu asubuhi na mzigo wa mashine. Nikaacha. Ucheleweshaji nimeuondoa usiku huu huu. Badala yake kazi zote zina `Nice=19` na `IOSchedulingClass=idle`: zinaanza kwa wakati, lakini zinampisha kila anayetaka kichakataji au diski. Kesho asubuhi nitakuwepo kuona kama foleni inasonga.

Ijumaa, 3 Oktoba

Foleni ilisonga Jumatano, na jana pia, siku ambayo nyaraka zilifungashwa asubuhi tena. Karani hakujua kama kuna kazi inaendelea.

Leo nimefungua Zamu kwa mbali kuhakikisha kikao cha kesho kimepangwa, nikakuta kazi nne. Mimi nimeweka tatu, na ya kikao ni ya karani. Hiyo niliijua, kwa hiyo hesabu ilitimia. Ila chini yake, kwa kusogeza, kulikuwa na ya tano: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 10:30 jioni, aina ya kazi "Onyesha ujumbe", na ujumbe wenyewe maneno matatu, "Ufunguo wa kabati".

Ile "Onyesha ujumbe" niliiweka wiki ya kwanza kwa majaribio yangu, nikapanga kuifuta kabla ya kukabidhi. Imebaki.

Yaliyosalia: saa 6:00 ya kompyuta Zamu inaiandika "saa 12:00 usiku", na hakuna mtu anayesema hivyo, ibadilike iwe asubuhi. Saa kumi na moja iwe alfajiri. Mlinzi naye ameomba kengele ya saa nne kasorobo, ili asisahau swichi.